Sanduku la Kupikia na Kichanja cha Michembe: Kazi Mbili za Mbao Zinazookoa Kuni na Chakula Shinyanga na Geita

Katika kaya nyingi za mikoa ya Shinyanga na Geita, chungu cha maharage au makande hukaa motoni saa mbili hadi tatu. Katika muda huo wote kuni huongezwa, moshi hujaa jikoni na sehemu kubwa ya joto lililogharimiwa kwa fedha au kwa mwendo mrefu wa kutafuta kuni hupotelea hewani. Nje ya nyumba hizo hizo, msimu wa mavuno ya viazi vitamu unapofika, mazao huanikwa juu ya mawe au ardhini, ambako hufikiwa na vumbi, kuku na mbuzi.

Matatizo hayo mawili yanaweza kupunguzwa kwa msumeno, nyundo, kilo moja ya misumari na mbao chache. Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza vifaa viwili nyumbani, ambavyo ni sanduku la kupikia linalotunza joto na kichanja cha kukaushia michembe na matobolwa, pamoja na namna ya kupika kwa kuvitumia. Aidha, yanaeleza jambo ambalo mkazi wa ukanda wa dhahabu anapaswa kulijua kabla ya kupiga msumari wa kwanza: mbao zipi hazipaswi kabisa kuingia jikoni.

Kwa nini kuni zina uzito wa pekee Shinyanga

Historia ya Mkoa wa Shinyanga inaonesha gharama ya kupoteza miti. Katika karne iliyopita maeneo makubwa ya misitu yalifyekwa ili kutokomeza mbung'o, na baadaye kupanua mashamba ya pamba na malisho. Ardhi ilibaki wazi kiasi kwamba Mwalimu Julius Nyerere aliifananisha Shinyanga na jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofanya kazi hadi mwaka 2004. Mradi huo ulirejea katika utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kutenga ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa kwa msimu ili uoto urudi. Kupitia utaratibu huo, zaidi ya hekta 300,000 zilirejeshewa uoto wake katika mamia ya vijiji.

Mafanikio hayo yanaendelea kukabiliwa na mahitaji ya kuni na mkaa, hususan katika miji inayokua kwa kasi kutokana na shughuli za madini kama vile Kahama na Geita. Nchini kote, inakadiriwa kuwa takribani hekta 469,000 za misitu hupotea kila mwaka, na matumizi ya kuni na mkaa ni miongoni mwa sababu zake.

Ni kwa muktadha huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, tarehe 8 Mei, 2024 jijini Dar es Salaam. Lengo la Mkakati huo ni kuwezesha asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Sanduku la kupikia halichukui nafasi ya gesi, umeme au jiko banifu. Kazi yake ni kuifanya nishati yoyote inayotumika, ikiwemo gesi ya mtungi mdogo wa kilo sita, idumu kwa muda mrefu zaidi. Kaya inayoona gesi inaisha haraka kwa sababu ya maharage hurudi kwenye mkaa, ilhali kaya inayoyachemsha maharage kwa nusu saa tu na kuyaachia sanduku kazi iliyobaki inaweza kuendelea na gesi.

Mbao za kuepuka katika ukanda wa dhahabu

Mtu anayetaka kutengeneza kifaa cha nyumbani kwa gharama ndogo kwa kawaida hutafuta mbao zilizokwishatumika. Mahali pengi jambo hilo ni la busara. Katika maeneo ya uchimbaji na uchenjuaji wa dhahabu linahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa baadhi ya mbao zinazotupwa au kuuzwa kwa bei ya chini zimebeba sumu isiyoonekana kwa macho.

Kundi la kwanza ni makasha ya mbao yaliyobeba sianidi. Kemikali hiyo hutumika kuchenjulia dhahabu, na husafirishwa ama katika mapipa au katika mifuko iliyowekwa ndani ya makasha. Kasha tupu huonekana safi na imara, na mbao zake huvutia macho ya fundi. Hata hivyo, mabaki kidogo ya sianidi yanayopata unyevu au tindikali huweza kutoa gesi yenye sumu kali, na kiasi kidogo sana kikiingia katika chakula huweza kuua. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa sianidi zinazuia vifungashio hivyo kutumika kwa kazi nyingine yoyote. Mwananchi asikubali kununua, kupewa wala kuokota kasha, pipa au mfuko wa namna hiyo, hata akiambiwa kwamba limeoshwa.

Kundi la pili ni mbao zilizotumika katika mialo ya kuoshea dhahabu. Mbao hizo hulowana maji na mchanga vyenye zebaki kwa muda mrefu, na zebaki hujipenyeza ndani ya nyufa zake. Zikichomwa kama kuni au zikikaa karibu na joto la jikoni, zebaki hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo huathiri ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa watoto na kwa mimba changa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2020, kwa lengo la kupunguza matumizi ya kemikali hiyo na kulinda afya za watu wanaoishi karibu nayo. Tahadhari hiyo inahusu pia karai, sufuria, ndoo na vikaango vilivyowahi kutumika kuoshea au kuchomea dhahabu: visirudi jikoni kwa kazi yoyote.

Kundi la tatu ni mbao na nguzo zilizowekewa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi iliyofifia, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Zinafaa kwa paa na uzio, lakini hazifai kwa trei ya kuanikia chakula, na vipande vyake visichomwe jikoni.

Chaga za mbao za kubebea mizigo zinaweza kutumika iwapo asili yake inajulikana. Chaga iliyosafirishwa kimataifa huwa na muhuri. Herufi HT katika muhuri huo huonesha kwamba mbao zimetibiwa kwa joto. Herufi MB huonesha kwamba zimefukizwa kwa methili bromaidi, na hizo ziachwe. Chaga yenye madoa ya mafuta, harufu ya kemikali au isiyojulikana ilibeba nini nayo iachwe.

Njia salama ni kununua mbao mpya za msonobari au mkaratusi zisizowekewa dawa, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni. Miti hiyo hupandwa na kuvunwa katika mashamba, hivyo matumizi yake hayapunguzi miti ya asili. Kukata mti wa msituni kwa ajili ya mbao bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Kazi ya kwanza: sanduku la kupikia

Kanuni ya sanduku hili ni ya zamani. Chakula kilichochemka huendelea kuiva bila moto iwapo joto lake litazuiwa lisitoke. Jiko la aina hiyo kutoka Norway lilioneshwa katika Maonesho ya Dunia ya Paris mwaka 1867, na katika vita kuu za karne ya 20 kaya za Ulaya zilipika katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kubana matumizi ya makaa. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo hiyo hutumika katika vikapu vya kupikia vinavyofumwa na vikundi vya akina mama.

Shinyanga na Geita zina bahati ya kuwa na malighafi ya kutunzia joto karibu bila gharama. Mashine za kukoboa mpunga wilayani Kahama huacha malundo ya maganda, na pamba ni zao la asili la eneo hili. Maganda makavu ya mpunga, pamba, maranda ya seremala au nyasi kavu zilizokatwakatwa vyote hushika hewa ndani yake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto kutoka.

Vipimo vinavyofuata vinatosha sufuria yenye upana wa sentimita 26 na kimo cha sentimita 16 pamoja na mfuniko wake. Mahitaji ni mbao tatu za moja kwa nane zenye urefu wa futi 12, kipande cha mbili kwa mbili chenye urefu wa mita mbili, misumari ya inchi mbili na nusu, bawaba mbili, komeo moja, kitambaa kizito cha pamba na debe kadhaa za maganda ya mpunga. Vifaa vya kazi ni msumeno, nyundo, futi, kipimo cha pembe mraba, randa na msasa.

Hatua ya kwanza ni kukata vipande vinne vyenye urefu wa sentimita 48 na vinne vyenye sentimita 53 kwa ajili ya kuta. Kila ukuta huundwa kwa mbao mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kimo chake hufikia sentimita 40. Kutoka katika kipande cha mbili kwa mbili hukatwa nguzo nne za sentimita 40, zinazosimama ndani ya kona. Mbao hupigiliwa kwenye nguzo hizo, kuta fupi zikikaa katikati ya kuta ndefu. Kwa mpangilio huo nafasi ya ndani huwa sentimita 48 kila upande, na kipimo cha nje huwa sentimita 53.

Hatua ya pili ni kitako na mfuniko. Kila kimoja huhitaji vipande vitatu vya sentimita 53 vilivyopangwa sambamba, na kipande cha mwisho hupunguzwa upana hadi kilingane na sanduku. Kitako hupigiliwa moja kwa moja. Vipande vya mfuniko huunganishwa kwa mataruma mawili ya masalia ya mbao yanayopigiliwa upande wa juu, kisha mfuniko hufungwa bawaba na komeo. Nyufa kati ya mbao hazidhuru sana, kwa kuwa kitambaa huziba kwa ndani.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua ubora wa kifaa. Ndani ya sanduku hutandikwa kitambaa, kisha humwagwa maganda ya mpunga yaliyokauka vizuri hadi kimo cha sentimita 12. Sufuria tupu, ikiwa imefunikwa, huwekwa katikati, na maganda hushindiliwa pembeni mwake kwa mkono hadi yafikie usawa wa mfuniko wake. Kitambaa kingine hulazwa juu ya maganda na kushonwa kando ili kubaki na shimo lenye umbo la sufuria. Mwisho hushonwa mto mmoja mnene wa sentimita 12, uliojazwa pamba au maganda, wa kufunika sufuria juu. Safu ya kutunza joto isiwe chini ya sentimita kumi upande wowote. Sanduku lenye kuta nene na mto mwembamba litapoteza joto kwa juu, kwa sababu huko ndiko joto linakoelekea.

Kupika maharage bila kuyalinda motoni

Maharage huchambuliwa, huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji ya kulowekea humwagwa, na maharage hupikwa kwa maji mapya yanayoyafunika kwa vidole viwili. Yakishaanza kuchemka, huachwa yachemke kwa nguvu, si kwa moto wa kuteleka, kwa dakika 20 hadi 30. Muda huo haupaswi kupunguzwa. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, ambayo huharibiwa kwa mchemko wa kweli na si kwa joto la kadiri la ndani ya sanduku.

Baada ya hapo sufuria hufunikwa vizuri na kuhamishiwa sandukuni bila kufunuliwa. Kabla ya kuingizwa, kitako chake hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu ili kuhakikisha kwamba hakuna kaa la moto lililonata, kwa kuwa maganda na pamba hushika moto kwa urahisi. Mto huwekwa juu, mfuniko hufungwa, na chakula huachwa kwa saa tatu hadi nne.

Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto takribani 96 badala ya 100. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva kuliko Pwani, na ndiyo maana muda wa kukaa sandukuni usifupishwe. Sanduku lisifunguliwe mara kwa mara kukagua chakula. Kila linapofunguliwa joto hutoka na haliwezi kurudi pasipo moto. Kwa sababu hiyo hiyo sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani chakula kidogo hupoa haraka.

Sufuria inapotolewa inapaswa kuwa ya moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu, na mvuke utoke inapofunuliwa. Maharage hurudishwa motoni kwa dakika chache, huungwa kwa kitunguu na nyanya, kisha huliwa. Iwapo chakula ni cha vuguvugu baada ya kukaa saa nyingi, si salama, kwa sababu vijidudu huzaliana kwa kasi joto linaposhuka chini ya nyuzi 60. Kwa hiyo sanduku lisitumike kuhifadhi kiporo tangu jioni hadi asubuhi.

Makande hufuata utaratibu huo huo, yakichemshwa kwa dakika 40 kabla ya kuingia sandukuni. Wali huchemka kwa dakika tano tu, kwa maji pungufu kidogo ya kawaida, na kumalizikia sandukuni kwa muda wa saa moja. Ugali, chapati na vyakula vya kukaanga havifai, kwa kuwa vinahitaji moto wa moja kwa moja.

Kazi ya pili: kichanja cha kukaushia viazi

Wasukuma wamekausha viazi vitamu kwa vizazi vingi, na akiba hiyo imevusha kaya katika miezi ya njaa. Michembe ni vipande vya kiazi kibichi vilivyokaushwa. Matobolwa ni vipande vya kiazi kilichochemshwa kwanza, kisha kumenywa, kukatwa na kukaushwa. Mahali pa asili pa kuanikia ni majabali mapana yaliyotapakaa katika eneo hili, ambayo hushika joto la jua na kukausha haraka. Tatizo la majabali ni usafi. Katika vijiji vilivyo karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa vumbi la mawe na la mabaki ya uchenjuaji halipaswi kuingia katika chakula.

Kichanja cha urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kimo cha mita moja huhitaji mbao tano za mbili kwa mbili zenye urefu wa futi 12. Mbao tatu hukatwa kila moja kipande cha mita mbili na kipande cha mita moja. Mbao mbili zilizobaki hukatwa kila moja vipande vitatu vya mita moja. Hupatikana vipande vitatu virefu na tisa vifupi: vinne vifupi ni miguu, viwili virefu na vitatu vifupi huunda fremu ya juu, na vilivyobaki hufunga miguu kwa chini. Masalia ya takribani sentimita 60 hupigiliwa kwa mshazari kwenye kona ili kichanja kisiyumbe.

Juu yake hukaa trei mbili za mita moja kwa moja, zilizoundwa kwa mbao za moja kwa mbili na kutandikwa wavu safi wa plastiki au fito za mianzi zilizochongwa. Wavu wa chuma chenye kutu usitumike. Trei hizo zisipigiliwe kwenye kichanja, ili ziweze kubebwa na kuingizwa ndani jioni au mvua inaponyesha ghafla. Juu ya chakula hutandazwa shela nyepesi au wavu mpya wa kuzuia nzi. Vyandarua vyenye dawa vinavyogawiwa kwa ajili ya kinga ya malaria visitumike, kwa sababu dawa yake haipaswi kugusa chakula, na nafasi yake ni kitandani. Kila mguu wa kichanja ukisimamishwa ndani ya kopo lenye maji, sisimizi hawapandi.

Kutengeneza na kupika michembe

Kipindi kinachofaa ni Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekoma na jua likiwa la kutosha. Viazi vizima visivyoliwa na fukusi huoshwa, humenywa na kukatwa vipande vyembamba vyenye unene unaolingana, takribani milimita nne. Unene ukitofautiana, vipande vyembamba hukauka huku vinene vikiwa bado vibichi ndani, na hivyo ndivyo huleta ukungu katika akiba nzima. Trei mbili hubeba takribani kilo kumi, zikitandazwa bila kurundikana na kugeuzwa mara mbili kwa siku.

Baada ya siku mbili hadi nne za jua, mchembe uliokauka huvunjika kwa mlio mkavu. Ukipinda bila kuvunjika, bado una maji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kiazi ni maji, kilo kumi za vipande vibichi hubakiza takribani kilo tatu. Michembe huachwa ipoe, kisha huhifadhiwa katika kihenge kikavu au katika mifuko isiyopitisha hewa, ikiwa imeinuliwa kutoka sakafuni. Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa vikaushwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A iliyomo ndani yake.

Chakula chenyewe hupikwa kwa urahisi. Michembe huoshwa na kulowekwa kwa nusu saa, huchemshwa kwa dakika 15, kisha huongezwa karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Sufuria huingizwa katika sanduku la kupikia kwa saa moja hadi mbili, na karanga hulainika na kuwa rojo zito. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Matobolwa hayahitaji kupikwa tena. Huliwa kwa chai au maziwa, na ni chakula rahisi cha kubeba kwenda shambani.

Usalama wa kazi na mahali pa kupata msaada

Anayefanya kazi hizi kwa mara ya kwanza aanze na kichanja, kwa kuwa hakihitaji vipimo vya karibu sana kama sanduku. Mbao zikatwe zikiwa zimebanwa imara, mkono usitangulie msumeno, na watoto wakae mbali hadi misumari iliyoanguka iokotwe yote. Vumbi la mbao halifai kuvutwa. Kitambaa puani wakati wa kupiga msasa kinasaidia.

Wananchi wanaohitaji mafunzo ya useremala wanaweza kufika katika vyuo vya VETA na ofisi za SIDO katika mikoa yao. Maafisa kilimo wa kata hutoa ushauri kuhusu ukaushaji wa mazao, na ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) huelekeza namna ya kupata mbao halali.

Endapo makasha, mapipa au mifuko inayodhaniwa kubeba sianidi au zebaki itaonekana ikiuzwa, ikitumika majumbani au ikiwa imetelekezwa, yasiguswe wala kuchomwa. Watoto na mifugo waondolewe eneo hilo, na taarifa itolewe kwa uongozi wa kijiji au mtaa, afisa afya wa kata au ofisi ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu aliyekwisha kutengenezea samani, banda la kuku au kifaa cha jikoni mbao za namna hiyo akitoe nje ya nyumba, aache kukitumia na atoe taarifa mapema ili apate maelekezo ya kukiteketeza kwa usalama.